Kabla ya Brashi, Karatasi: Kazi Zilizopo Nairobi kwa Mhitimu wa Uchoraji

Maandishi ya hotuba kwa wahitimu wa uchoraji, wazazi na wakaazi



Chukueni mfano wa msichana aliyehitimu mwaka jana. Mwenye mkahawa Westlands anamwita amchoree ukuta mmoja. Wanaelewana kwa simu: shilingi 40,000, na rangi itanunuliwa na mwenye mkahawa. Anachora kwa siku tisa. Picha ni ya akina mama watatu wakiuza mboga chini ya mwavuli. Wateja wanaipenda na kupigia picha mbele yake. Pesa zake zote zinaingia kwa M-Pesa, naye anarudi nyumbani Kangemi ameridhika. Miezi mitatu baadaye anawaona akina mama wale wale kwenye fulana, kwenye vikombe, na kwenye ukuta wa tawi jipya alikochora mtu mwingine. Anarudi kuuliza fungu lake. Anajibiwa: wewe si ulilipwa?

Nani ana haki? Wengi watasema ni msichana, kwa sababu mkono uliochora ni wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema vingine. Mtu akikuagiza umfanyie kazi ya sanaa, hakimiliki ya kazi hiyo huhesabiwa kuwa imehamia kwake yeye aliyeagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Msichana huyu hakuwa na makubaliano yoyote zaidi ya bei. Akina mama wake watatu wameshakuwa wa mkahawa.

Mfano huu umetangulia kwa sababu swali linaloulizwa kila mara nyumbani ni lingine kabisa. Mzazi huuliza, "Mwanangu, utakula rangi?" Anadhani tatizo ni kwamba kazi hakuna. Jijini hapa kazi ya mchoraji ipo, na imekuwepo kwa zaidi ya miaka 60. Ila haiji kama ajira moja yenye dawati na mshahara wa mwisho wa mwezi. Inakuja vipande vipande: ukuta leo, kitabu kesho, darasa Jumamosi, picha mbili kwenye maonyesho mwezi ujao. Anayedumu ni yule anayejua kuviunganisha vipande hivyo na kuviandikia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha nayo ni mali.

Kutoka katikati mwa jiji

Ili kuziona kazi hizo, ni vyema kuifuata ramani ya jiji kuanzia katikati kuelekea magharibi.

Pale Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway pana jengo la mawe lililojengwa mwaka 1913. Zamani lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambako vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa. Leo ni Nairobi Gallery, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Humo mna sehemu ya mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka 1966. Murumbi hakuwa mchoraji. Alikuwa mnunuzi na mtunzaji, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na Alan Donovan kuanzisha African Heritage, nyumba ya kuonyesha na kuuza sanaa ya Afrika hapa mjini. Jengo hilo linamkumbusha mhitimu kwamba picha moja hulisha watu wengi. Yuko anayeichora, anayeitundika, anayeiwekea fremu, anayeitunza isiliwe na unyevu, anayeiandikia maelezo na anayewatembeza wageni. Kazi hizo zote zinamhitaji mtu anayeijua rangi.

Si mbali na hapo, mwaka 1965, mchoraji Elimo Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa. Njau, mzaliwa wa Tanzania aliyesomea Makerere, alikuwa tayari amechora picha za ukutani katika kanisa kuu la Murang'a. Kituo chake kilihamia Ridgeways baadaye. Mwishoni mwa muongo huo huo wasanii watatu wakafungua Gallery Watatu, na kwa miaka mingi wachoraji wengi wa Kenya waliuzia hapo picha zao za kwanza. Ukishuka hadi makavazi ya reli, hapo ndipo Patrick Mukabi alipoweka studio yake ya Dust Depo, ambako vijana wengi wamejifunza kwa kumtazama akifanya kazi. Mukabi anajulikana kwa kufungulia wanafunzi mlango, na kwa mhitimu hilo ni jambo kubwa: shahada hufundisha kuchora, lakini bei, mteja na tarehe ya kukabidhi kazi hufunzwa na aliyetangulia.

Studio na galari

Njia ya kwanza, ambayo kila mhitimu huiota, ni kuchora picha zake na kuziuza.

Ukitoka katikati mwa jiji kuelekea Kilimani utaikuta Kuona. Ilianza mwaka 1995 kwenye makavazi ya kitaifa, ikapitia Industrial Area, kisha ikahamia Kilimani, ambako wasanii hugawana uwanja na kila mmoja huwa na studio yake. Kugawana huko kunapunguza kodi ya nyumba, na mnunuzi aliyekuja kwa mmoja huwaona wote. Ukiendelea Lavington kuna Circle Art, ambao mwaka 2013 waliendesha mnada wa kwanza wa sanaa ya Afrika Mashariki hapa Nairobi. Upande wa Barabara ya Limuru, eneo la Rosslyn, kuna One Off, iliyokuwepo tangu miaka ya 1990, na pia taasisi ya sanaa ya NCAI iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi.

Galari hukata fungu lake, mara nyingi kati ya theluthi moja na nusu ya bei. Huo si wizi, maana inalipa kodi, taa, mlinzi na kumtafuta mnunuzi. Lakini lazima mchoraji apige hesabu. Tuseme picha imeuzwa kwa shilingi 60,000 na galari inachukua asilimia 40, yaani 24,000. Zimebaki 36,000. Kanvasi, rangi na fremu zilikula 11,000. Zimebaki 25,000. Kama picha ilichukua wiki tatu, huo ndio ujira wa wiki tatu, kabla ya kodi ya studio na nauli ya kuisafirisha. Anayesikia "elfu sitini" akakimbilia kukopa kwa tumaini la picha ya pili atajuta. Ndiyo maana wachoraji wengi wa Nairobi huishi kwa kuchanganya galari na njia nyingine.

Ukuta na kibao

Njia ya pili iko mitaani. Kibera, kusini magharibi mwa jiji, mwaka 2001 waandishi wawili wa vibao, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha kikundi cha Maasai Mbili. Walianza kwa kuandika vibao vya vinyozi, hoteli na vioski, na kazi zao zikafika maonyesho ya nje ya nchi. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo7, alizunguka Kibera akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta na milango. Ukuta haukuwa mapambo siku hizo. Ulikuwa unaongea na watu waliokuwa wameacha kuongea.

Matatu nazo zimewalisha wachoraji kwa miaka. Mwaka 2004 kanuni za waziri Michuki zilileta mstari wa manjano, na michoro ikafutwa. Baadaye ilirudi, na leo abiria wengi huchagua gari kwa rangi yake. Kisa hicho kina onyo ndani yake: kazi inayotegemea kanuni moja inaweza kusimama kwa siku moja. Mchoraji asiwe na mteja wa aina moja tu.

Hapa kaunti inahusika moja kwa moja. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti shughuli za utamaduni na usimamizi wa matangazo ya nje. Mchoro wa ukutani unaobeba jina au nembo ya bidhaa ni tangazo, na tangazo linahitaji kibali cha kaunti. Kabla ya kupanda ngazi, mchoraji amuulize mteja maswali mawili: mwenye jengo amekubali? Kibali kiko wapi? Majibu yaandikwe, na mkataba useme wazi kwamba kibali ni jukumu la mteja. La sivyo, ukuta ukifutwa, atakayetafutwa arudishe pesa ni mchoraji.

Kitabu, gazeti na skrini

Njia ya tatu haionekani barabarani. Nairobi ndiyo kitovu cha uchapishaji nchini. East African Educational Publishers wako hapa Nairobi, na wachapishaji wengine wametapakaa jijini. Kila kitabu cha hadithi cha watoto kinahitaji michoro. Wasomaji wa Taifa Leo watamkumbuka Juha Kalulu, kikatuni cha Edward Gitau kilichochekesha vizazi vya Wakenya. Mwaka 2009, Godfrey Mwampembwa, ndiye Gado, alileta The XYZ Show kwenye runinga, na vikaragosi vile vilihitaji watu wa kufinyanga, kupaka rangi na kushona kabla ya yeyote kucheka.

Mhitimu anayetaka njia hii asipeleke picha 40 zisizofanana. Mchapishaji anataka kuona kama mhusika mmoja, tuseme mtoto mwenye sweta nyekundu, anaweza kuchorwa mara 12 akiwa amekaa, anakimbia au analia, na bado akatambulika kuwa ni yeye. Anataka pia kujua kama kazi itafika tarehe iliyosemwa.

Darasani

Njia ya nne ni kufundisha, na wakati wake ni huu. Mtaala wa umilisi umeweka sanaa na michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari pevu, sambamba na sayansi na sayansi za jamii. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia mwaka 2026. Mkondo huo unahitaji walimu wanaoweza kushika brashi.

Hata hivyo, shahada ya sanaa peke yake haikufanyi mwalimu wa shule. Ni lazima uandikishwe na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na tume huangalia mafunzo ya ualimu pamoja na alama zako za KCSE katika masomo utakayofundisha. Aliye na shahada isiyo ya ualimu kwa kawaida huhitaji stashahada ya uzamili ya elimu. Jambo hili lichunguzwe mapema, kabla ya kulipa karo popote. Wakati huo huo, hakuna anayemzuia mchoraji kuendesha darasa la watoto Jumamosi katika ukumbi wa kanisa au wa mtaa. Watoto 10 wanaolipa kila wiki ni kipato cha kutegemewa kuliko picha moja inayosubiri mnunuzi.

Karatasi

Sasa tumrudie msichana wa Westlands. Angefanya nini?

Angeandika ukurasa mmoja kabla ya kununua rangi. Si lazima uandikwe na wakili. Ukurasa huo ungesema majina ya pande mbili, kazi yenyewe na ukubwa wake, bei, tarehe ya kuanza na kumaliza, na nani ananunua rangi. Ungesema nusu ya pesa inalipwa kabla ya kuanza. Ungesema mteja akibadilisha mawazo katikati, mabadiliko hayo ni bei gani. Halafu ungekuwa na sentensi inayobeba yote: hakimiliki ya mchoro huu inabaki kwa mchoraji, mteja ana ruhusa ya kuuonyesha ukutani hapa, na matumizi mengine yoyote yatakubaliwa na kulipiwa kwa maandishi. Kisha sahihi mbili. Sentensi hiyo ingemwezesha kudai fungu lake kwa fulana na vikombe.

Kuna haki nyingine ambazo mhitimu anapaswa kuzijua kama anavyojua rangi zake. Hakimiliki ya mchoro hudumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ni urithi wa watoto. Haki ya kutambuliwa kwa jina lako, na ya kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima, ni yako pia. Hakimiliki haingojei kuandikishwa ndipo iwepo, lakini kuiandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kunakupa ushahidi siku ya mzozo.

Tena, tangu marekebisho ya mwaka 2019, sheria inampa msanii asilimia 5 ya bei picha yake inapouzwa tena kibiashara. Umuhimu wake unaonekana kwa mfano wa Armitage. Picha yake The Conservationists, aliyoichora mwaka 2015, iliuzwa tena mnadani New York mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Katika mauzo ya namna hiyo pesa humwendea aliyekuwa ameimiliki picha. Haki ya asilimia 5 ipo ili mchoraji asibaki mtazamaji wa bahati ya mwingine. Lakini nani ataijua picha yako miaka 10 ijayo kama hukuweka daftari la kila picha, ukubwa wake, tarehe, bei na aliyeinunua?

Mwisho kuna karatasi za biashara: jina la biashara lililosajiliwa kupitia eCitizen, PIN ya KRA, akaunti ya benki, ankara na risiti, na kibali cha biashara cha kaunti kwa mwenye studio au duka. Wengi huziona kama usumbufu. Lakini bila hizo huwezi kuuzia hospitali, benki wala serikali. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa serikali itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, chini ya mpango wa AGPO. Kupaka rangi madarasa, kuandika vibao na kuchora mabango ya afya, zote ni zabuni. Vijana watatu waliohitimu pamoja wakisajili kampuni moja wana nafasi ambayo mmoja mmoja hawana.

Kwa wazazi na wakaazi

Wazazi, mtoto aliyesomea uchoraji hajapotea njia. Mwaka wa kwanza na wa pili ni migumu, kwa sababu wateja bado hawamjui. Badala ya kumuuliza ataajiriwa lini, mwulizeni maswali haya kila mwisho wa mwezi: umefanya kazi ngapi? Umeandikiana na nani? Nani hajakulipa? Daftari liko wapi? Akiwa na majibu, anafanya kazi. Akikosa majibu, hapo ndipo pa kumsaidia.

Wenye maduka, hoteli, shule na majengo, kuanzia Kenyatta Avenue hadi Kawangware, nanyi mna sehemu yenu. Mkimwita mchoraji, andikianeni, lipeni nusu mwanzo, na acheni jina lake lisomeke kwenye kona ya ukuta. Hamtapoteza chochote, na mtaa wenu utapata mchoraji atakayekuwepo mwakani.

Na nyinyi wahitimu, wikendi hii kabla ya kuchora kitu kingine chochote, andikeni ule ukurasa mmoja. Acheni nafasi ya jina la mteja na ya bei. Uhifadhini kwenye simu, chapisheni nakala tano, mzibebe kwenye mkoba pamoja na brashi. Siku simu itakapolia kutoka Westlands, muwe tayari.